Chuma cha Nani? Kisa cha Masega Yaliyoziba Njia ya Kasulu

Dada yangu anauza dagaa Kibirizi. Akiba yake ya miaka mingi aliiweka kwenye Probox moja nyeupe inayobeba abiria kati ya Kigoma mjini na Kasulu, mchomoko kama tunavyoyaita magari haya, na dereva ni mwanawe wa kwanza. Nilipokuja likizo nililikuta gari limeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, Mwanga. Ilikuwa siku ya nne halijaleta hesabu.

"Shikamoo mjomba. Gari halivuti." Ndivyo alivyonipokea mpwa wangu, hata begi sijalitua.

Alinieleza vizuri kuliko madereva wengi niliowahi kuwasikia. Kwenye tambarare gari linakwenda. Likishapita Kidahwe na kuanza kupanda likiwa na abiria, anakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inanguruma, na mwendo hauzidi 40. Taa ya injini iliwaka miezi miwili nyuma, ikafutwa kwa mashine, ikawaka tena baada ya siku mbili. Plagi amebadilisha mara tatu ndani ya miezi minne. Na usiku mmoja, aliposimama kuangalia tairi, aliliona bomba la moshi chini ya gari limeiva jekundu kama kaa la jiko.

Fundi alikwishapima. Mashine ilitoa namba mbili: P0420, yaani masega, lile kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la chini ya gari, hayasafishi inavyotakiwa, na P0300, yaani silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. Ushauri wake ulikuwa ule unaotolewa gereji nyingi: kata masega, chomelea bomba tupu, masega yauzwe kwa wanunuzi wanaopita gereji kwa gereji. Fedha itakayopatikana italipa ufundi na chenji itabaki. Dada alikwishakubali. Niliomba siku tatu.

Niliomba kwa sababu kazi yangu ni hii hii, ila kwa ukubwa mwingine. Kwa miaka 11 nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi nje ya nchi, upande wa vichocheo, vitu vinavyoharakisha badiliko la kikemia bila vyenyewe kutumika. Huko mtu hatupi kichocheo kilichokufa kabla ya kukihoji, kwa kuwa kimebeba mwilini mabaki ya kila kilichopita juu yake. Ukikitupa umemtupa shahidi, na ukiweka kipya bila kumsikiliza aliyetangulia, utakizika na hicho.

Mshenga na wageni wasioalikwa

Kichocheo ni mshenga. Anazikutanisha pande mbili, ndoa inafungwa, yeye anarudi kwake akiwa vilevile, na kesho yake anakwenda nyumba nyingine. Ndani ya kopo lile la chuma chini ya gari kuna kauri yenye vijitundu mamia kwa kila inchi ya mraba, na ndiyo maana mafundi wetu waliyaita masega, kwa kuwa ukiyatazama kwa mbele ni sega la nyuki hasa. Kuta za vijitundu zimepakwa alumina yenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari zima. Juu ya chembe hizo monoksidi ya kaboni inakutana na oksijeni na kupoteza sumu yake, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa, na oksidi za nitrojeni zinavunjwa.

Kiwandani mshenga ana sura nyingine. Mtambo ninaoufahamu kuliko yote ni ule wa kuvunja mafuta mazito kuwa petroli. Kichocheo chake ni unga, chembe zake zina upana wa mikroni 70 hivi, laini kuliko mchanga wowote wa ufukwe wa Bangwe. Moyo wa kila chembe ni zeolaiti, madini yenye vyumba vidogo mno ambamo molekuli huingia na kutoka. Unga huo unatiririka kama maji. Unapanda na mvuke wa mafuta kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, unazikata molekuli ndefu, unapakwa masizi, kisha unamiminikia kwenye tanuri la nyuzi 700 hivi, masizi yanaunguzwa, unarudi kazini. Mzunguko mzima ni wa dakika chache. Masizi si adui mkubwa, maana yanaungua. Adui ni kile kisichoungua.

Mafuta ghafi yanatoka ardhini yakiwa na metali ndani yake. Nikeli na vanadiamu zimefungwa katikati ya molekuli kubwa zenye umbo la pete, ndugu wa mbali wa ile rangi ya kijani iliyomo kwenye majani, kwa sababu mafuta ni mabaki ya viumbe vya kale. Kuna mafuta mepesi yenye metali hizo chini ya sehemu 1 katika milioni. Yale mazito ya Boscán, Venezuela, yana vanadiamu inayopita sehemu 1,000 katika milioni. Molekuli ikishavunjwa, vipande vinakwenda zao na metali inabaki juu ya kichocheo, leo na kesho na keshokutwa.

Kila metali ina tabia yake, na anayezichanganya atakosea tiba. Nikeli ni mshenga wa pili ambaye hakualikwa: nayo ni kichocheo, lakini cha ndoa mbaya. Inazipokonya molekuli haidrojeni na kuacha masizi, hivyo petroli inapungua, gesi inaongezeka, kompresa ya gesi inalemewa. Vanadiamu inabomoa nyumba yenyewe. Ndani ya tanuri, ikikutana na oksijeni na mvuke wa maji, inageuka asidi inayosafiri kutoka chembe moja hadi nyingine ikizila kuta za zeolaiti, na sodiamu ikiwapo ubomoaji unakwenda mbio zaidi. Nikeli ilipata dawa miaka ya 1970, wahandisi wa Phillips Petroleum walipoona kwamba antimoni kidogo ikitiwa kwenye mafuta huishika nikeli na kuituliza. Vanadiamu inategewa mitego, chembe maalumu zinazoinasa kabla haijafika kwenye zeolaiti, na bado inasumbua.

Chuma ndicho kilichonifanya niombe siku tatu. Chuma kinaziba. Kinakaa kwenye ngozi ya chembe, na kikikutana na kalsiamu na sodiamu kinayeyuka pamoja na silika ya chembe yenyewe na kufanya ganda kama la kioo. Kwa darubini ya elektroni unaona vinundu juu ya uso uliokuwa laini. Ndani, zeolaiti ni nzima na ina nguvu zake zote, ila mlango umepigwa lipu.

Niliwahi kukaa kwenye mabishano ya wiki nzima juu ya jambo hilo. Petroli ilishuka, mafuta mazito yanayobaki chini ya mnara wa kutenganishia yakaongezeka, sampuli ya kichocheo ikaonyesha chuma kimepanda. Wenzetu wengine walisema ni kutu ya matenki na mabomba, tusihangaike, kwa kuwa kutu huzunguka kama vumbi kati ya chembe na haizibi chochote. Wengine tukasema ni chuma kilichoyeyuka ndani ya mafuta, kiwe kimetoka ardhini au kimeng'olewa kwenye mabomba na asidi za mafuta hayo hayo, na hicho kinatua moja kwa moja kwenye ngozi ya kila chembe. Kipimo cha maabara kinasoma chuma, hakisemi ni cha nani. Tena kichocheo kipya kabisa kina chuma chake, kwa sababu kimefinyangwa kwa udongo, hivyo lazima kwanza ukitoe hicho kwenye hesabu. Tulimaliza ubishi kwa kukata chembe katikati na kuangalia chuma kimekaa wapi. Kilikuwa kwenye ngozi. Aina ya mafuta ghafi iliyokuja na chuma hicho ikapunguzwa, na baada ya muda petroli ikarudi.

Kulinganisha mtambo ule na gari la dada yangu si kulazimisha. Aliyefungua njia ya vyote viwili ni mtu mmoja, Eugène Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani. Mwaka 1937 mtambo wake mkubwa wa kuvunja mafuta kwa kichocheo ulikuwa unafanya kazi Marcus Hook, Pennsylvania. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akihofia moshi wa magari kwenye miji, alitengeneza kichocheo cha bomba la moshi. Hakikuenea wakati wa uhai wake kwa sababu petroli ya siku hizo ilitiwa madini ya risasi, na risasi ilikipaka kichocheo hadi kikafa. Alifariki mwaka 1962. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi kwenye matoleo ya mwaka 1975, sambamba na petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwisho wa 2005, na nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Kwa hiyo tulipoingia gereji asubuhi iliyofuata, risasi haikuwa kwenye orodha ya washukiwa.

Kupima kabla ya kukata

"Injinia, hapa hatuna maabara," fundi aliniambia, bila ubaya. Nikamjibu kwamba ana geji ya presha, na hiyo inatosha kwa kuanzia. Tulifungua sensa ya oksijeni ya mbele, tukafunga mpira wa geji kwenye tundu lake. Injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, geji ilisoma PSI 2 (pauni 2 kwa inchi ya mraba). Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika ilipanda hadi 7. Gari zima kwa mizunguko hiyo halitakiwi kupita 3. Tukalegeza maungio ya bomba kabla ya masega, na hapo hapo injini ikawa nyepesi, sauti ikafunguka. Mpwa wangu alicheka kwa furaha, akidhani tumemaliza.

Tulikuwa tumejua tu mahali palipoziba. Nikauliza habari za oili. Anaongeza lita moja kila siku ya tatu, na amekuwa akifanya hivyo kwa miezi kumi. Oili gani? Ya ndoo, namba 40, ile ya malori ya dizeli, inayopimwa kwa chupa. Kipimo cha mgandamizo kikaonyesha silinda mbili dhaifu. Tukadondoshea oili kidogo ndani, zikapanda, maana oili iliziba mwanya kwa muda. Ringi, zile pete zinazoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, zimechoka. Oili inapanda hadi chumba cha moto na kuungua pamoja na petroli.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopita haraka. Oili ya injini si mafuta matupu. Imetiwa viungo vya kulinda vyuma visisagane, ambavyo ni vya zinki na fosforasi, na viungo vya kusafisha, ambavyo vina kalsiamu. Oili za dizeli za kizamani zinavyo kwa wingi zaidi, fosforasi ikiwa kama sehemu 1 katika 1,000 ya uzito. Oili ikiungua, hivyo haviungui. Gari linakwenda Kasulu na kurudi mara mbili kwa siku, kilomita 380 hivi. Kwa siku 250 za kazi katika miezi ile kumi, limekunywa lita 80 na ushei za oili, kilo 70 hivi. Hiyo ni fosforasi gramu 70, zinki inayokaribia au kuzidi hapo, na kalsiamu maradufu au zaidi. Si yote inayobaki kwenye masega, nyingine inatoka na moshi na nyingine inaganda juu ya pistoni. Lakini linganisha na gramu chache za platinamu na wenzake.

Kiwandani tunaimudu hali hiyo kwa kulipa kila siku. Chukua mtambo unaopokea tani 5,000 za mafuta kwa siku, yenye nikeli sehemu 1 tu katika milioni. Hizo ni kilo 5 za nikeli kila siku, na zote zinabaki ndani. Ukitoa tani 5 za kichocheo kilichotumika kila siku na kuingiza tani 5 mpya, nikeli juu ya kichocheo itapanda polepole hadi kilo 5 kwa kila tani 5, yaani sehemu 1,000 katika milioni, na hapo itatulia. Ukiwa bahili ukaingiza nusu ya hapo, kiwango kitajongea 2,000. Meneja anaweza kuchagua. Gari halina uchaguzi huo. Hakuna masega mapya yanayoingia kila asubuhi. Yote yaliyotua tangu siku ya kwanza yapo pale pale.

Kisha tukafungua plagi.

Nilitarajia weusi wa oili. Weusi ulikuwepo pembeni, lakini ile pua nyeupe ya kauri ilikuwa na rangi ya tofali, nyekundu inayoelekea chungwa, imepakwa sawasawa kama kwa brashi. Oili haipaki hivyo. Nikamtazama mpwa wangu, naye akatazama chini.

Alinieleza tulipobaki wawili. Stendi, dereva mwenzake alimshauri atie dawa ya petroli, kichupa kidogo kwa kila tenki, kinaongeza nguvu. Alianza miezi mitano nyuma, gari lilipoanza kulegea mlimani. Alikuwa anakinunua kwa fedha yake ya chakula ili mama yake asijue kwamba gari limeanza kuchoka. Sikuwa na neno la kumlaumu. Kijana alikuwa anajaribu kuokoa mali ya mama yake kwa elimu aliyopewa, na lebo ya chupa ile ilikuwa na ahadi tupu, haikuandika kilichomo.

Dawa nyingi za namna hiyo zinapandisha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo kwa kutumia metali: ama manganizi, ama chuma kilichofungwa ndani ya molekuli inayoyeyuka kwenye petroli, iitwayo ferosini. Molekuli inaungua, metali inabaki. Manganizi inaacha kahawia nyekundu na kuziba masega kwa uso. Chuma kinaacha rangi niliyoiona, na kina balaa la ziada: ile ngozi nyekundu kwenye pua ya plagi inapitisha umeme ikipata joto, cheche inateleza juu ya kauri badala ya kuruka, silinda inakosa moto. Petroli mbichi inatoka hadi kwenye masega na kuungulia humo. Bomba linaiva jekundu. Hapo P0300 ikapata maelezo yake.

Maabara ya sekondari

Tulishusha masega. Uso wa mbele ulikuwa na ukoko wa kijivu cheupe, kama ule wa birika la maji ya chumvi, na juu yake kivuli chekundu. Ukimulika tochi upande wa pili, mwanga ulipita kwenye vijitundu vichache tu. Ukoko ulikuwa na kina cha upana wa kidole. Nyuma yake kauri ilikuwa safi, haijayeyuka. Ndivyo inavyokuwa sumu inapoletwa na moshi: inatua mlangoni.

Rafiki yangu wa utotoni anafundisha kemia kwenye sekondari moja hapa mjini. Nilimpelekea bahasha nne: unga wa uso wa masega, unga wa pua ya plagi zetu, unga wa plagi za gari la fundi ambalo halijawahi kutiwa dawa, na kutu ya bomba la nyuma. Vipimo vilikuwa vile vile ambavyo wanafunzi wake wanavifanya kwenye mtihani wa vitendo, na aliniambia kidato cha sita wabaki waone.

Unga wa masega ulichemshwa na asidi ya nitriki, ukatiwa amoniamu molibdeti, ukatoa manjano nzito: fosfeti. Kutu ya bomba haikutoa manjano. Unga wa masega ukaguswa kwa waya na kuingizwa kwenye moto, mwali ukawa mwekundu wa tofali: kalsiamu. Oili ilikuwa imekiri.

Kisha chuma. Unga uliyeyushwa kwa asidi ya haidrokloriki ya moto, likaingia tone la potasiamu heksasianofereti, na bomba la kioo likageuka bluu nzito. Wanafunzi walipiga makofi. Fundi, ambaye nilimwomba aje, akanyoosha mkono na kusema jambo lililonifurahisha kuliko yote ya siku ile: "Lakini bomba lote lina kutu. Hiyo bluu ni ya dawa au ya bomba?"

Ni swali lile lile lililotupotezea wiki nzima kiwandani, na mtu huyu alilifikia kwa dakika moja. Ndiyo sababu nilileta plagi. Plagi iko kabla ya bomba. Kutu ya bomba haiwezi kurudi nyuma hadi pua ya plagi. Plagi zetu zilitoa bluu nzito. Plagi za gari lake zilitoa bluu hafifu ya kutafuta kwa jicho, kile chuma kidogo ambacho injini yoyote inajisaga. Kwa kumalizia, mpwa wangu alitoa mfukoni kichupa kilichobaki robo. Tulikimimina kidogo kwenye kigae nje, mbali na darasa, tukakiwasha. Kiliungua na kuacha majivu mekundu. Majivu yale yalitoa bluu.

Mpangilio wa matukio ukawa wazi. Ringi zilichoka kwanza, oili ikaanza kupaka ukoko, gari likalegea. Kulegea kukaleta dawa, dawa ikaleta chuma, chuma kikaharibu plagi na kuongeza ukoko, joto likaushindilia. Kila tiba ilikuwa inalisha ugonjwa.

Maamuzi

Fundi alibaki na hoja yake, na ni hoja ya mtu anayejua mifuko ya wateja wake: bomba tupu ni rahisi. Nilimjibu mambo mawili. La kwanza ni kwamba kukata masega kusingegusa ringi wala plagi. Gari lingepata nguvu wiki chache, kisha lingerudi na P0300 ile ile na oili ile ile inayopungua. La pili sikulisema kwa utaratibu kama nilivyotaka, kwa sababu linaniuma. Probox ile inabeba watu saba au zaidi, mara nyingine na mtoto mgongoni, na bomba la zamani lina matobo. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Pale stendi magari yanaunguruma yakisubiri kujaa, na kinamama wanaouza ndizi wamekaa kwenye usawa wa bomba. Gramu zile za platinamu zinafanya kazi kwa ajili yao, na sisi tunaziuza.

Akapendekeza basi tuyaloweke kwenye asidi ya ndimu, kama wafanyavyo wengine. Ingeondoa kalsiamu na sehemu ya fosfeti, ila lile ganda lililokwishashindiliwa na joto lingebaki, na kuna hatari ya kubandua alumina pamoja na platinamu yake. Hata kiwandani, kichocheo kilichopakwa masizi kinafufuliwa kwa kuunguzwa. Kilichojaa vanadiamu na nikeli kwa kawaida hakirudi kazini, na kingine kinapelekwa kwa wanaoyeyusha ili metali zitolewe ziuzwe.

Tukakubaliana mfuatano, na mfuatano ndio uliokuwa na maana: masega yawe ya mwisho. Kwanza ovahoo: ringi mpya na sili za vali. Kisha oili ya petroli ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, kwenye kopo lililofungwa. Plagi mpya. Hakuna chupa yoyote ndani ya tenki. Gari likatembea siku tano na masega yale mabovu, bila abiria, oili ikipimwa kila jioni. Mstari wa oili kwenye kijiti cha kupimia haukushuka. Hapo ndipo tulipoagiza Dar es Salaam masega yaliyotumika ya gari la aina hiyo hiyo, tukayakagua kwa tochi kabla ya kuyafunga.

Kwenye viwanda vya mafuta, kabla ya kichocheo cha bei, tunaweka kitanda cha kichocheo cha bei nafuu chenye vinyweleo vipana, kazi yake kudaka nikeli na vanadiamu ili mwenzake aishi. Gari halikujengewa mlinzi wa namna hiyo. Mlinzi wake ni ringi za pistoni, na nilimwambia dada hivyo alipoona bei ya ovahoo na kunyamaza kwa muda mrefu. Alilipa kwa mafungu mawili, la pili baada ya mauzo ya dagaa wa giza la mwezi uliofuata. Fundi alikubali kusubiri bila kuandikishana.

Geji baada ya kazi: chini ya nusu PSI ikiwa sailensa, PSI 1 kwa mizunguko 2,500.

Mpwa wangu ameongeza safu kwenye daftari la hesabu, imeandikwa "oili". Kila Jumapili ananitumia picha yake na ya plagi moja. Kwa kilomita 9,400 za kwanza ameongeza nusu lita, na pua ya plagi ina rangi ya chai ya maziwa. Madereva wawili wa stendi wamemfuata kuuliza kuhusu kichupa. Mmoja alikuwa ndiye aliyemshauri, na plagi zake nazo ni nyekundu. Fundi amempangia siku.

Masega ya zamani hayakuuzwa. Dada aliyaacha kwa mwalimu, yapo kwenye kabati la maabara, na unga uliobaki usoni mwake unatosha kwa kidato cha sita wa mwaka huu na wa mwakani.